Neno Jirani Halimo Kwenye Fomu Yako

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiomba barua hii ikukute umekula, maana nakujua, ukishika kazi unasahau hata chai. Mimi sijambo, ni mgongo tu na mawazo. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa vicheko kabla sijafika popote.

Ni ile fomu ya kuombea vibanda vya soko, uliyotutumia tuijaribu mimi na jirani yetu Fundi Viti, ambaye kibanda anakitaka kweli. Ulinieleza kwamba fomu huziandiki moja moja. Unaiandikia kompyuta maagizo, nayo inazizaa yenyewe. Niliitikia, lakini sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa. Ninachojua ni kwamba asiyeona kama Fundi Viti anatakiwa aijaze kwa kubonyeza vitufe na kusikiliza ile sauti ya kompyuta inayomsomea yaliyoandikwa, bila kuazima macho ya mtu.

Mara ya kwanza sauti ilisema kisanduku, kisanduku, kisanduku, basi. Fundi Viti akauliza kama anaomba kibanda au anahesabishwa mizigo. Nilipokupigia, ukasema majina hayakufungwa kwenye visanduku vyake. Ukagusa mstari mmoja, fomu zote zikapona. Kivipi, sijui. Tulipofungua tena, sauti ikawa inataja kila kitu: jina kamili, kazi, ukubwa wa kibanda, lazima kujazwa. Akajaza mwenyewe, vidole vinakwenda kama anasuka kiti. Mimi nikabaki pembeni namenya viazi.

Tukakwama mwishoni. Fomu ilitaka mtu wa karibu wa kupigiwa simu. Akasema ni mimi, nani mwingine, akaandika namba yangu kwa kichwa. Kisha ikauliza uhusiano: mke, mume, mzazi, mtoto, ndugu. Akapanda orodha, akashuka, jirani hakuna. Akajaribu kuruka, ikakataa. Sauti ikarudia kwa adabu kwamba lazima achague. Nikamwambia aweke ndugu, yaishe. Akasema mimi si ndugu yake na hataki kuidanganya ofisi. Kisha akauliza taratibu kama nitaona vibaya akichagua lile la kwanza, na liwe kweli.

Mwanangu, nilicheka, maana huyu mtu hamalizi siku bila kunitania. Yeye hakucheka. Akasema hatabonyeza mpaka nimjibu, na maombi yanafungwa Ijumaa. Nikamwambia angoje nimuulize mtoto wangu. Mtu mzima mimi, naomba ruhusa kwa niliyemzaa, ona nilivyochanganyikiwa.

Nikwambie ambalo hata yeye sijamwambia. Jibu nilikuwa nalo pale pale, kisu na kiazi mkononi. Ninakuogopa wewe, usije ukaona nimemsahau marehemu baba yako. Sijamsahau hata siku moja. Ila nyumba imekuwa kimya mno, na Fundi Viti akipiga hodi, mimi hukimbilia kioo kujiweka sawa kitambaa cha kichwa, na mwenyewe haoni.

Basi nijibu mapema, hata kama ni kunigombeza. Wasalimie wenzako wa kazini, na ulale, macho hayanunuliwi dukani. Najua itakubidi uongeze neno jirani kwenye ile orodha, kwa faida ya watu wengine, na ni haki yao. Nakuomba tu usiliongeze kabla sisi hatujamaliza kujaza.

Akupendaye na kukuwazia kila saa,
Mama yako