Injini Iliyotoka Merigi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimekama. Nimepeleka majani ya chai senta ya kupimia kabla mvua ishuke. Nikamvalisha mzee wangu sweta, nikamshika mkono mpaka bandani, nikamfungulia mlango wa gari. Akaketi. Kama kila siku. Mkono wa kulia umelala kwa paja tangu ugonjwa umpige mwaka jana, na ulimi ukalala pia. Wa kushoto ni mzima. Anashika gia, anapeleka mbele, anarudisha nyuma. Gari haina injini. Pale mbele ni shimo, kuku anatagia humo.

Hii gari ndogo ya milango miwili alinunua kwa mzungu mmoja wa estate ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Binti yetu Chepkoech nilikuwa bado nambeba mgongoni. Watu walimcheka, iko chini hivi utabebea nini? Hakujali. Kila jioni nilisikia sauti ya hiyo gari kule darajani, naweka maji ya chai. Yakichemka, mzee yuko mlangoni. Halafu bloki ya injini ikapasuka. Akaitoa hiyo injini, akaanza kutafuta nyingine. Kabla apate, akaanguka.

Siku hizi chai naweka tu. Sijui niiweke wakati gani.

Nimeamua nitamtafutia mimi. Sijui kitu juu ya injini. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni

Ochieng amekuja. Ni fundi wa Kericho, mtu wa upande wa ziwa, kazi alifundishwa na mzee wakiwa kiwandani. Ameangalia lile shimo akatikisa kichwa. Anasema kuna injini ya pickup, anayo garage. Ina nguvu, spea ziko kila mahali. Ila ni ndefu, lazima boneti ikatwe. Nyingine ni ya aina ile ile ya zamani. Hizo zimeisha. Amesikia kuna moja Merigi, kule upande wa Bomet.

“Chukua ya pickup, Mama. Hiyo hata ukiwekea uji inaenda.”

Nimepigia Chepkoech Nairobi, simu ya dukani. “Mama, weka yoyote. Ni gari tu.” Alikuwa na haraka. Nimerudi nyumbani na maneno yote niliyoenda nayo.

Jumamosi, 8 Juni

Ochieng ameleta ile ya pickup. Ameiweka juu ya tairi kuukuu katikati ya uwanja, akaning'iniza jerikeni ya petroli kwa nguzo ya ua, akapiga stata. Ng'ombe wamekimbia mpaka chini mtoni.

“Sikia huyo ndume!”

Mzee aliangalia kidogo. Akageuza uso. Akashika ukuta akarudi nyumbani peke yake, pole pole, bila mimi. Nilikasirika. Mtu hajasema neno mwaka mzima, halafu anachagua. Nimepika nikimpigia sufuria kelele. Baadaye nikaona huruma nikamkatia kucha.

Basi si hiyo.

Jumanne, 11 Juni

Merigi. Nilimwambia Ochieng siweki injini kwa gari ya mzee kabla nione boma ilikotoka.

“Mama, injini haina ukoo.”

“Ukinunua ng'ombe huulizi ametoka wapi, anauzwa kwa nini?”

“Ng'ombe nakula. Injini sili.” Amecheka mpaka Bomet mjini.

Mwenyewe ni mama kama mimi. Mama Kiplangat. Injini iko ndani ya ghala la mahindi, juu ya magunia, imefunikwa shuka safi. Gari ilikuwa ya kijana wake. Alikuja nayo kutoka Nairobi, akaiegesha, akalala. Alikonda mpaka akaisha. Shemeji za huyu mama wakauza tairi, wakauza viti, bodi ikaenda na mtu wa vyuma. Hii peke yake alikataa. Anaipangusa. Sasa shemeji anataka ghala.

Alinipa mursik, maziwa ya kibuyu. Nikamwambia juu ya mzee wangu. Hakusema pole. Alisema, “Ya wangu ilikuwa inasikika kutoka kona ya kanisa.” Nikajua sihitaji kuuliza kingine.

Ochieng na vijana wawili wameipakia. Mama Kiplangat akashika injini, hataki kuachilia. Mimi nikaona ni kama ng'ombe. Kwetu ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki kwa mwenyewe, ndio boma isibaki tupu. Nikamwambia, “Shika kamba yako.” Tukaiangalia. Kamba haina. Akazungusha kile kifuniko cha juu, pale pa kuweka oili, kikatoka. Akakitia kwa mfuko wa aproni.

“Yawa! Mama! Hiyo si kamba, hiyo ni ya kazi!”

Nikamwambia Ochieng anyamaze. Alinyamaza mpaka Kericho. Sijawahi kumuona hivyo.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani wamesikia. Mama wa kwaya amenivuta kando. Eti naleta kitu cha maiti kwa mgonjwa. Tena kijana mwenyewe amekufa na ule ugonjwa wa kukonda. “Wewe unatafuta nini, dada? Huyo si amebaki nusu tayari?”

Nimeshindwa kuimba. Nusu. Hiyo neno imenifuata mpaka nyumbani. Na kama ni kweli? Na kama nitamuua na mkono wangu mwenyewe, nikitafuta sauti? Maana ukweli ndio huu, na ninauandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia: ni mimi ninataka hiyo sauti. Nimechoka na kimya. Nyumba ina watu wawili na nasikia saa ya ukutani.

Kesho nitamwambia Ochieng airudishe.

Jumatatu, 17 Juni

Sijamwambia. Asubuhi nilienda kumtafuta mzee, kwa gari hayuko. Alikuwa ameketi juu ya debe kando ya injini ya Merigi, pale nyuma ya banda Ochieng alipoishusha. Ameondoa turubai. Mkono wa kushoto umelala juu yake, vile mtu hushika ng'ombe aliye karibu kuzaa. Vidole vinatafuta. Vimefika pale kwenye shimo la kifuniko vikasimama. Akaniinulia macho. Kama ananiuliza.

“Imebaki kwa mwenyewe,” nikamwambia. “Kamba.”

Nusu ya mdomo wake ilicheka. Nimeiona. Hata kama hakuna mwingine ameiona.

Inaingia hiyo. Mama wa kwaya aimbe.

Jumatano, 26 Juni

Imewaka.

Ochieng ameshinda hapa, tope mpaka magoti. Boneti haijakatwa, imefunga kama zamani. Kuku nimemhamisha, amekasirika. Stata ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikashika, na oili ikaruka kwa lile shimo ikamchora Ochieng shati lote na uso. “Nilisema! Nilisema kule Merigi, hiyo ni ya kazi!” Nilicheka mpaka nikaketi chini. Sijacheka hivyo tangu mwaka jana. Akatafuta cha kuziba, akachukua gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu, akalizungushia kitambaa, akalisukuma ndani. Limeshika. Anasema hiyo ni ya muda, tusimwambie mtu yeyote wa kazi yake.

Sauti ni ile. Ni ile kabisa.

Mzee alikuwa kwenye usukani. Nikasimama mlangoni nikingoja aseme. Jina langu tu. Hata tusi. Nilikuwa nimeomba juu ya hiyo, nikawa na uhakika. Hakusema. Machozi yalishuka upande mmoja. Ochieng akazima. Kimya kikarudi, na nikaona ni kibaya kuliko jana.

Nimetuma neno Merigi na dereva wa lori la maziwa. Kwamba inanguruma. Basi hivyo tu.

Jumamosi, 29 Juni

Amekuja. Sikumtarajia. Mama Kiplangat na viatu mkononi kwa sababu ya tope, na kitu kimefungwa kwa kitambaa. Nikamuingiza jikoni akauke. Gari ilikuwa imetoka. Ochieng alikuwa anaendesha, mzee kando yake kwa kile kiti cha pili, nimemfunga na leso kifuani asianguke.

Tumeongea juu ya mahindi. Tumeongea juu ya mvua ya mawe, vile imepiga majani ya watu. Yeye hakuuliza iko wapi na mimi sikusema.

Halafu ikasikika darajani.

Tulisimama wote wawili. Mimi nilikuwa na mkono kwa sufuria. Nikageuka, na yeye ameshika debe la maji. Tukaangaliana. Akasema polepole, “Mimi pia. Ikifika kona ya kanisa ndio nilikuwa naweka maji.”

Tukaweka. Yalichemka wakati mlango wa gari ulifungwa.

Baadaye alienda bandani. Ochieng akamfungulia boneti, hana mzaha, amevua kofia. Mama Kiplangat akatoa gunzi, akafungua kitambaa, akarudisha kifuniko mwenyewe, akakaza. Gunzi akalifunga na kile kitambaa, na oili yake yote. Ameenda nalo kwake. Nimemsindikiza mpaka stage ya matatu, na mpaka sasa nahisi mkono wake kwa mkono wangu.

Jumapili, 7 Julai

Mvua. Sikuenda kanisani. Chepkoech hajapiga.

Mzee yuko bandani tangu asubuhi. Hatujawasha, Ochieng ndiye mwenye kuendesha na leo ni siku yake ya kulala. Nimempelekea chai. Huwa nasimama nje ya mlango nangoja kikombe. Leo aliachilia gia. Mkono wa kushoto ukaenda kwa kile kiti cha pili, ukapiga. Mara moja. Tena.

Nikazunguka nikaingia. Kiti kiko chini sana, magoti yamelia. Tumeangalia mvua pamoja, upande wa daraja. Chai yangu imepoa nikiwa nimeishika.