Nimemtafutia Baba Yako Wenzake wa Kuacha Pombe

Nkuhungu,
Dodoma.
16 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Geofrey,

Mbukwa, mume wangu. Umeamkaje huko Tunduma? Kifua kinaihimilije baridi? Mkeo Emiliana hajambo? Na Meshack wangu ameota meno mangapi sasa? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halinipi raha, na mtama mwaka huu ndege wamekula kutuzidi. Tunashukuru kwa kilichobaki.

Salamu zimekwisha. Sasa nikugombeze.

Juzi ulinipigia ukasema nimewaaibisha kwa kuzunguka mtaani nikiuliza wanakokutana watu wanaoacha pombe. Nilipofungua mdomo nijibu, ukakata simu. Barua hii hutaikata. Ananiandikia Mwanne, fundi cherehani, na nimemwambia asilainishe hata neno moja.

Aibu ipi, Geofrey? Baba yako alipookotwa mtaroni na kiatu kimoja mguuni, aibu hukuiona. Alipong'oa bati la jiko langu akalinywa, hukupiga simu. Ila aliponiambia kwa mdomo wake, "Mama, nimechoka, peke yangu siwezi," nami nikafunga kanga kiunoni kumtafutia msaada, ndipo aibu imefika Tunduma kwa basi la kwanza!

Na nilitafuta haswa. Ofisi moja nilikalia benchi asubuhi nzima, kijana akaja kuniuliza kama baba yako Denis ana kitambulisho. Nikamwambia, mwanangu anaumwa pombe, hajapotea. Kanisani wakataka asimamishwe mbele ya watu wote aombewe. Akatorokea mlango wa nyuma, na siku hiyo alilewa kuliko siku zote. Nikawauliza palepale, mtu akiumwa kuhara naye mnamsimamisha mbele? Muuguzi mmoja tu, Mungu amtunze, ndiye aliyetuelekeza: Jumamosi saa nne, darasa la mwisho la shule ya msingi ya hapa mtaani.

Nikampeleka mwenyewe nimemshika mkono, nikaketi dawati la mbele. Mwenyekiti wao akaniambia kwa adabu, "Bibi, humu wanabaki wenye tatizo tu. Ndugu wanasubiri nje." Mimi! Niliyemzaa! Nikamjibu siondoki.

Ndipo akainuka mama mmoja wa Kondoa, mtandio umemkaa vizuri, anaitwa Munira. "Shikamoo bibi. Hunikumbuki? Nilikuwa nakuja kwako kwa mlango wa uani na chupa ya chai, unijazie pombe watu wasijue." Wengine wawili wakainamisha vichwa. Na hao nawajua. Niliwapimia kwa kata yangu mwenyewe.

Denis akacheka. "Mama, nusu ya kikundi hiki umeileta wewe." Lini mara ya mwisho ulimsikia baba yako akicheka hajalewa? Nilitoka nje bila kusukumwa na mtu.

Tangu siku hiyo nina hasira na sijui nianze na nani. Nimepika pombe zaidi ya miaka arobaini. Ndiyo iliyokusomesha wewe, na kwa hilo sikuombi radhi. Lakini baba yako alianzia kwenye machicha ya pombe yangu ana miaka tisa, na mimi nikapiga vigelegele kuwa mwanangu amekuwa mwanaume. Hilo simfichi Mungu, wala wewe.

Kwa hiyo sikia. Uliagiza nipike mapipa mawili ya ubatizo wa Meshack mwezi wa nane. Sipiki. Kimea nilichokuwa nimeanika nimewapa kuku, na mapipa nawekea maji. Wazee wa kwetu Mvumi wakiuliza ni ubatizo gani mkavu hivi, waje waniulize mimi. Watakunywa togwa, na asiyeitaka njia anaijua. Na wewe ukithubutu kuleta kreti uani kwangu, nitavunja chupa moja moja mbele ya wakwe zako.

Baba yako anamaliza wiki ya saba. Mikono bado inamtetemeka, chakula anakichokoachokoa. Huo ubatizo anauogopa, lakini si kwa sababu ya pombe. Anakuogopa wewe. Anasema utampita tu kama kawaida yako. Maana tangu ulipooa hujampa baba yako shikamoo. Miaka mitatu unamtikisia kichwa kama abiria mwenzako! Mlevi asiwe mlevi, ndiye aliyekuzaa. Halafu ni wewe unayenifundisha mimi habari za aibu.

Jumamosi saa tatu huwa anavaa shati lake ajiandae kwenda. Mpigie saa hiyo. Usimhubirie, wala usimwulize ameacha kweli au anadanganya. Mwambie, "Shikamoo, baba," kisha nyamaza umsikie akiitikia. Amepoteza mengi, usimkoseshe na hilo.

Usipopiga, nitamwambia mtandao ulisumbua. Nitadanganya kwa ajili yako mara hiyo moja tu, Geofrey, sina uongo mwingine.

Mkumbatie Emiliana, na Meshack umbusu kisogoni. Shangazi yako Ruthu na babu yako Batholomeo wa Mvumi wanakusalimu sana. Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe moyo laini kuliko huo mdomo uliourithi kwangu.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikigomba,

Paskazia