Kifuniko Kikifungwa, Usifanye Chochote

Jumapili, 1 Oktoba

Simu ya video ya mke wangu, Senyang, imekatika mara tatu leo, na mkosaji ni mmoja – Nanay Ebeng, mama mkwe wangu, miaka themanini na moja. Anafunga kifuniko cha laptopu katikati ya maongezi. Laptopu inalala, skrini kubwa inazimika, na binti yake anapotelea hukohuko Taichung, Taiwan.

Nikamuuliza kwa adabu zangu zote: Nanay, kwa nini? Akasema picha ziko mbili, kubwa kwenye skrini na ndogo kwenye laptopu, na yeye alizaa binti mmoja tu. Hawezi kuongea na Senyang huku Senyang mwingine anamkodolea macho pembeni. Skrini kubwa niliiunga kwa ajili yake, maana ana mtoto wa jicho.

La maana ni hili: mkataba wa Senyang unaisha Desemba. Mwajiri wake huko anataka aendelee kumtunza mama mzee wa huyo mwajiri miaka mitatu zaidi, jibu Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu. Senyang kasema hataki. "Nimechoka, Toring. Nakuja nyumbani." Alisema taratibu, kama anasoma tangazo. Mimi kwa furaha nikasahau kahawa jikoni, ikakauka yote.

Jumanne, 3 Oktoba

Asubuhi nzima kwenye mipangilio. Nilianza vibaya – nikaamuru laptopu isilale hata ikiachwa muda wa saa kumi. Nikafunga kifuniko, ikalala fofofo. Kumbe kifuniko kina amri yake: kikifungwa, ilale, izimike, au isifanye chochote. Nimechagua isifanye chochote. Ikiwa kwenye betri nimeiacha ilale, kwa sababu umeme ukikatika skrini kubwa nayo haina kazi, na laptopu itachemka bure humo ndani.

Nikafunga tena. Skrini kubwa ikawa nyeusi kidogo, halafu ikarudi. Nanay akatazama misa yote ya mtandaoni na padri mmoja tu.

Skrini hii ndiyo ya mwisho kati ya nane. Zilikuwa za kibanda chetu cha intaneti, hapa chumba cha mbele, miaka tisa. Wake wa mabaharia walipanga foleni mpaka kwa jirani. Senyang alishona mapazia ya maua kwa kila mashine, na alikuwa na sheria moja: mtu akiongea na mtu wake wa mbali, geuza mgongo. Nilikuwa nageuza. Hata mama mmoja wa kijiji cha Kirayan alipolia mpaka feni ikawa haisikiki, nilitazama ukuta.

Halafu kila mtu akanunua simu yake. Tukabaki wawili na feni nane. Mwaka uliofuata Senyang akaondoka. Nazikumbuka sana jioni zile, tunakula puto, vile vikeki vya mchele vya mvuke, juu ya kibodi iliyoharibika.

Alhamisi, 5 Oktoba

Senyang alipiga saa nane mchana. Tulivyoanza tu, Nanay akafunga kifuniko.

"Haya, Nanay kanifunga tena," Senyang akasema. Akaiacha simu imeegemea chupa ya chai, akaenda zake. Amezoea simu kukatika yenyewe. Haikukatika.

Mimi, mwenye kibanda miaka tisa, nilisahau kwamba jicho la kamera na kinasa sauti viko kwenye kifuniko! Yeye haoni wala hasikii kitu, na sisi tunamuona mkubwa kama mlango.

Nilitaka kukiinua. Kweli nilitaka. Lakini akarudi na yule bibi anayemtunza, Ama wanamwita, anamshika kiuno taratibu. Akamkalisha, akammenyea pera. Bibi akasema neno kwa Kichina. Senyang akajibu hapohapo, kwa Kichina, haraka. Bibi akampiga kikofi mkononi – na Senyang akacheka.

Kicheko kile! Kichwa nyuma, mdomo wazi. Enzi za kibanda alikuwa anagonga ubao wa nyuma yake kwa kisogo, mashine namba nne inazimika. Miaka minne sijakisikia. Nilidhani kimezeeka kama sisi.

Nanay akauliza nani huyo. Nikamwambia ni Senyang.

"Mbona kwetu huwa anakuja na sauti nyingine?"

Sikugeuza mgongo. Nimeona wivu, tena kwa bibi asiye na meno.

Ijumaa, 6 Oktoba

Amepiga. Amechoka, anakuja. Nikamuuliza kama Ama hajambo. "Yupo." Basi.

Baada ya kuagana nilifunga kifuniko mwenyewe, nikaendelea kumtazama. Nina aibu kuliandika.

Jumapili, 8 Oktoba

Leo, kifuniko kikiwa kimefungwa, alikuwa anamchana Ama nywele. Bibi akauliza kitu. Senyang akanyoosha vidole vitatu mbele yake, kimoja kimoja – Oktoba, Novemba, Desemba, hata mimi nisiyejua Kichina nilielewa. Bibi akavitazama. Halafu akavikunja, kimoja kimoja, mpaka ikawa ngumi, akaushikilia mkono huo kwa mikono yake miwili.

Senyang hakuutoa.

"Mkwe, mwambie arudi," Nanay akasema.

"Amesema anarudi, Nanay."

"Amesema kwa sauti ile nyingine."

Nimepaka rangi chumba cha mbele hata hivyo. Kijani, anayoipenda. Au aliyokuwa anaipenda, sijui. Namtaka arudi. Namtaka yule anayecheka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Saa nane na nusu mchana. Naandika kwenye kona ya meza, skrini iko mbele yangu.

Kesho ndiyo siku ya jibu. Leo hakusema anakuja. Ameniuliza: "Toring, unataka nirudi?" Miaka minne hajaniuliza swali hilo. Kabla sijajibu Nanay akafunga kifuniko, anataka binti mmoja.

Nilimngoja Senyang ainuke aende. Hajainuka. Anatazama moja kwa moja kwenye simu. Ama anamwita kutoka chumbani, haendi.

"Toring," amesema. "Simu yangu haijakatika. Inaonyesha dakika zinakwenda. Tangu Ijumaa naona."

"Nilijua mnaniangalia. Nikawaacha mtazame. Nilishindwa kukwambia kwa mdomo, nikasema bora uone mwenyewe." Akajifuta uso kwa kitambaa cha jikoni. "Nawataka ninyi. Na huyu bibi naye siwezi kumwacha. Sasa sema wewe. Na usinidanganye kama mimi nilivyokudanganya."

Nanay ameacha kutafuna. "Unangoja nini, mkwe? Hawezi kutusikia mpaka ufungue."

Mkono wangu uko juu ya kifuniko, kimepata moto. Nikikiinua atauona uso wangu kabla sijasema neno. Ameita tena, Toring, upo? Nipo. Nakiinua, na bado sijui nitasema nini.