Kuku wa Kupeleka Makaburini

Gilgil

Mama mpendwa,

Poleni na mvua ya huko Shieywe. Hapa stesheni bado imepambwa kwa sherehe za uhuru. Kesho napanda treni ya asubuhi kwenda Nakuru, kuona makaburi ya watu wa kale yaliyofukuliwa kilimani, nirudi jioni. Jirani yangu, mama mmoja wa Mayoni, aliposikia habari ya makaburi akaniletea unga na kuku.

"Mtu haendangi matanga mikono mitupu!"

Nikamweleza kwamba wale hawana tena mtu wa kuwalilia.

"Basi walilie wewe."

Kuku nimemfunga miguu, tutasafiri pamoja. Kaka Barasa alipopotelea vitani Burma tulizika mgomba badala ya mwili wake, na mgomba haukunitoa machozi. Kesho, Mama, penye mifupa ya watu nisiowajua, nitamlilia.

Jifunike vizuri.

Mwanao,
Ayubu