Kibuyu Alichoniachia Simaloi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mke wangu Simaloi kaondoka asubuhi. Semina, Dodoma, wiki mbili. Hakuniachia maagizo ya gesi wala ya luku. Ya kibuyu tu! Kibuyu cha marehemu mama yake, na mtindi usioisha: ukimimina unabakiza kidogo chini, unaongeza maziwa mapya, yanaganda. Mama alifanya hivyo maisha yake yote, Simaloi akaendeleza. Kwao yanaitwa maziwa ya yeyo, maziwa ya mama. Kaka yake Lemburis hushuka kutoka kwao, ng'ambo ya Mlima Meru, kuja kunywa kikombe kimoja. Anavua kofia kwanza.

Usitie maji humo, kaniambia. Unasugua ndani kwa kijinga cha mti wa oloirien, basi. Nikamkumbusha kwamba anaongea na mkaguzi wa ubora wa kiwanda cha maziwa. Kasema ndiyo maana anarudia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekiosha. Maji yanayochemka — mara mbili! Nilimulika ndani kwa tochi ya simu, nikaona weusi wa mkaa, mikono ikafanya ilivyozoea kazini. Nani kaniroga?

Lakini mbegu, ule mtindi wa kugandishia, niliitoa kwanza. Ipo kwenye kikombe, ndani ya friji. Mimi si mjinga.

Ijumaa, 13 Juni

Mimi ni mjinga.

Jana nilikula ugali na mchicha. Nikafungua friji, nikaona mtindi, nikanywa. Mtamu ajabu! Nikakomba na kikombe. Nimekumbuka leo nikipiga mswaki. Mama mkwe, nisamehe — nimekunywa ukoo mzima.

Nimetoka kazini na mbegu ya kiwandani. Mtindi ni mtindi, nimejiambia. Kibuyu nimekiweka kando ya jiko la mkaa, maana baridi hii ya Juni hata mimi imenishinda.

Jumapili, 15 Juni

Umeganda! Mzito, mweupe, wa kupigwa picha. Nikaonja kabla ya kwenda kanisani.

Mchungu. Kama nimetafuna klorokwini. Ibada nzima nimekunja uso. Mchungaji kanishika bega mlangoni, kaniambia Mungu anaona. Natumaini haoni jikoni kwangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sababu naijua. Nawafundisha hiyo wafanyakazi wapya! Bakteria wa mtindi hawaishi kwa sukari ya maziwa peke yake, wanataka na protini. Sasa protini ya maziwa ni kamba ndefu, haipiti mlangoni mwao. Kwa hiyo kwa nje wana kimeng'enya kinachoikata vipande. Vipande vinaingizwa ndani, huko vimeng'enya vingine vinavikatakata mpaka punje ndogo kabisa. Hicho ndicho chakula chao. Vile vipande vya katikati, vikibaki vingi bila kumaliziwa, ndivyo vichungu.

Mbegu yangu ni hodari wa kuanza na mvivu wa kumaliza. Kama mimi na lile banda la kuku. Kiwandani haitusumbui, tunapoza mapema. Kando ya jiko imekata bila kupumzika. Kwenye kibuyu walikuwamo bakteria wa kila aina, na wa kumalizia walikuwamo. Wengine nimewachemsha, waliobaki nimewanywa.

Jumatano, 18 Juni

Nina tumaini moja. Kibuyu kina vinyweleo, huenda wapo waliojificha wakasalimika. Wakipata muda watavikata vile vipande, uchungu utaisha. Kisayansi inawezekana! Nimeongeza maziwa mapya na kusubiri. Leo nimejikuta nimepiga magoti jikoni, nimekiamkia kibuyu shikamoo. Mtu mwenye diploma.

Umepungua kidogo? Ulimi wangu nao siuamini tena.

Simaloi kapiga simu. Mtindi vipi? Nikasema unaendelea. Si uongo. Halafu akasema sauti ya mama yake imeanza kumtoka kichwani, hata uso anaukumbuka kwa picha tu, ila akinywa yale maziwa anamkumbuka vizuri. Nikakata simu nikisingizia chaji. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumamosi, 21 Juni

Mchungu.

Jumapili, 22 Juni

Karudi. Nilitaka kumwambia pale stendi, nikaishia kubeba begi. Nyumbani kamimina hata viatu hajavua. Kanywa funda moja. Nikamweleza yote kwa mkupuo — maji, kikombe, ugali, vimeng'enya. Akaniacha nimalize.

"Mimi nilitumia sabuni," alisema.

Sikumwelewa. Akaeleza: ni baada ya mazishi ya mama. Alikuwa anaosha masufuria ya msibani huku analia, akaja kushtuka kibuyu kimo kwenye beseni, povu linatoka. Akajaribu kuanza upya, maziwa yakawa machungu hivi hivi. Mwishowe akaomba mbegu kwa Mama Parsimei, jirani yetu hapa Olasiti. Hakumwambia mtu. Miaka yote hii Lemburis anamvulia kofia Mama Parsimei!

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Halafu mimi nikaacha kucheka, yeye machozi yakaendelea. Kasema alikuwa anajua siyo ya mama, na bado alikuwa akinywa anamwona. Nikamkumbatia. Sikuwa na kimeng'enya cha kueleza hapo.

Ndipo ikapigwa hodi. Lemburis, katokea kanisani moja kwa moja. Kabla sijasema lolote kajimiminia, kofia magotini. Kanywa chote, polepole. Macho kafumba. Nikasubiri kufa.

"Yeyo leo kakasirika," alisema, "lakini ni yeye."

Kisha katoa kwenye mfuko kibuyu kipya, bado kinanukia moshi wa oloirien. Mkewe kakiandaa. Anaomba mbegu kidogo tu aipande nyumbani, mama arudi bomani kwake.

Simaloi kanitazama. Nikasema ngoja nilete kikombe safi. Sasa niko jikoni, naandika juu ya friji. Vikombe safi viko vinne mbele yangu.

Lemburis ananiita: Mangi, vipi, unakamua ng'ombe? Simaloi kaingia. Kasimama mlangoni, kibuyu cha mama kwenye mkono mmoja, kile kipya kwenye mkono mwingine, na anaongea kwa kunong'ona.

"Wewe ndiye mkaguzi," kasema. "Nimpe?"