Mkeka wa Athumani

Kibra, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Nashika miguu yako kutoka huku kwenye baridi. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza ukorofi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafagia. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukwambia.

Uliniuliza kama nimemlilia mume wangu. Sikulia, mama. Siku rafiki yake Ramadhani aliporudi kutoka vita vya Wazungu huko Bama akanieleza kwamba Athumani wangu alizikwa hukohuko msituni, nilimwandalia chai. Eda nimeikaa mpaka ikaisha, macho makavu. Majirani wakanong'ona kwamba watu wa pwani tuna moyo mgumu. Niliwaacha wanong'one.

Ule ukindu ulionitumia nao niliutupa pembeni. Mkono haukutaka kusuka. Kilichouamsha ni tabaga la Bibi Hawa, jirani yangu Mnubi. Tabaga ni mfuniko wa chakula wanaoushona huku kwa nyasi za rangi. La kwake ni jekundu na kijani, na katikati limetapakaa miraba myeusi. Nikamtania kwamba rangi zilimwishia.

"Ile nyeusi hapana maua," akaniambia. "Hii nyumba ya dada yangu. Hii ya Mzee Faraj. Serikali ilivunja, mimi nikaweka hapa."

Hulipeleka kwenye kila harusi na kila matanga, limefunika chakula, ili kila anayekula alione kwanza. Idd iliyopita, yule bwana DC aliyeamuru nyumba hizo zivunjwe alikuja kuwasalimu wazee. Akalishika, akalisifu sana, akauliza bei. Bibi Hawa akamjibu, "Hii hapana uza, bwana. Wewe kula tu." Akala. Sisi wanawake tulimtazama anavyotafuna.

Kesho yake nikauloweka ukindu. Urefu wa mkeka niliupima kwa kanzu ya Athumani. Pembeni nilishona mikanda ya kili nyeusi na zambarau kama ulivyonifundisha, katikati nikaacha kili tupu zisizo na rangi, upana wa mabega yake. Kwetu maiti hulazwa mkekani, na yeye hakulazwa. Nilisuka bila kuhisi kitu, mama, kama mtu anayemenya viazi. Ulipokwisha nikautoa sadaka msikitini kwa ajili yake.

Ijumaa tulikaa nje ya msikiti na Bibi Hawa, nyuma ya ukuta wa mabua wenye matundu. Wanaume wakajipanga, mkeka wangu ukiwa umetandikwa katikati ya safu. Habari ya mkeka ilikuwa imeenea, kwa hiyo hakuna aliyekanyaga pale peupe. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Mimi, binti wa mwalimu wa Kurani, sikuwa nimewaza kabisa kwamba safu ya sala haiachwi na pengo. Imamu akageuka, akasema, "Jazeni pengo." Hakuna aliyesogea. Akarudia.

Ramadhani ndiye aliyeingia. Alisimama pale nilipompimia Athumani mabega, bega kwa bega na wenzake, na safu ikafungika. Niliona mgongo tu. Hapo ndipo nilipolia, mama. Nililia mpaka Bibi Hawa akaniziba mdomo kwa mtandio wake nisiwaharibie watu sala.

Baada ya hapo nimerudi kuwa vilevile, nakula na kufagia. Ila sasa najua kwamba machozi yapo.

Nisalimie baba na wanafunzi wake, shangazi muuza mbaazi, na dada yangu aliyejifungua. Mtoto mbusu kwa niaba yangu. Habari ya kurudi nyumbani tuiache kwanza. Juzi mlango wa Bibi Hawa umepigwa alama ya chokaa ya serikali, na sote tunajua maana yake. Macho yake hayaioni sindano tena, kwa hiyo ameniomba nyumba yake niishone mimi kwenye tabaga.

Nitumie ukindu mwingine, mama, na rangi nyeusi.

Mwanao,
Mwanakombo