Baba, Chatu na Shairi la Nyoka

Jumapili jioni, Mhunze. Jua la leo lilikuwa la kuanikia mtama, vumbi limeniingia mpaka kwenye meno, na sauti imenikauka kabisa. Lakini leo najivuna, na sitaki mtu aniombe nipunguze.

Nianzie darasani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja kule Tinde. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye bahari za ushairi, tukafika kwenye nyoka. Ndiyo, nyoka ni aina ya shairi: maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wengine huliita pindu, wengine mkufu. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini liitwe nyoka na si jongoo, maana jongoo naye ni mrefu na ana vipande. Darasa likacheka. Nami nikacheka nao ili nipate muda wa kufikiri.

Ofisini nikamuuliza mwalimu wa biolojia. Akanieleza kwamba uti wa mgongo wa nyoka una pingili nyingi ajabu, na kila pingili imechomekwa ndani ya mwenzake. Ndiyo maana anajikunja apendavyo bila kuteguka. Kumbe waliolipa shairi jina hilo hawakubahatisha! Nikarudi darasani kifua mbele.

Ila nyoka nilimjua kabla ya kujua kusoma. Baba yangu ni myeye, yaani mcheza ngoma ya nyoka ya Kisukuma, na sanduku la chatu liko nyumbani kwetu tangu nikiwa msichana mdogo. Kina mama wa kwaya ya kanisani wakinitania kwa hilo, nawaambia afadhali chatu, hasengenyi mtu.

Nyimbo za kundi la baba huenda kwa kupokezana. Yeye akimaliza, mpokeaji anadaka maneno yale yale ya mwisho na kuendelea nayo. Asipotokea wa kudaka, wimbo umekufa. Na kwetu ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, kwa hiyo wimbo ukifa watazamaji wanahamia upande wa pili bila hata kuaga.

Mpokeaji wa baba ni Masanja. Jana, siku moja kabla ya mashindano ya leo, alipiga simu kutoka machimbo ya Nyarugusu, akasema duara lao, yaani shimo wanalochimba, limeanza kutoa mawe ya dhahabu na hatoki huko hata kwa winchi. Waliobaki kundini ni wapiga ngoma na wazee walioishiwa sauti. Baba aliweka simu chini.

"Kesho ikishindikana, chatu namrudisha porini," alisema. "Tumemaliza."

Baba si mtu wa kutishia. Nililala vibaya.

Leo uwanja ulifurika. Baba akaanza vizuri, chatu shingoni, akiimba kwa Kisukuma habari za njia ya kisimani iliyolaliwa na nyoka mkubwa. Akafunga kwa kuuliza: nani atapita leo?

Ngoma zilidunda, hakuna aliyedaka. Akarudia. Bado hakuna. Nikaona kina mama wa mbele wanabeba watoto mgongoni, vijana wameshageuka kuondoka, na wapinzani wetu wanapiga vigelegele vya makusudi. Baba alikuwa anaangalia chini. Sijawahi kumwona baba yangu akiangalia chini mbele za watu, na iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nikajikuta katikati ya uwanja, na viatu vyangu vya kanisani. Kisukuma cha kutungia kilinikimbia chote. Nikadaka kwa Kiswahili:

Nani atapita leo? Mimi hapa natokea,
Chatu hazuii njia, kwa aliyemzoea,
Ngoma haijanyamaza, watoto tunapokea.

Mizani nane kwa nane, vina vya mwisho vimetimia. Nimehesabu baadaye, na nimehesabu tena kwa raha zangu tu.

Watu wakasimama walipokuwa. Hapo ndipo hofu iliponishika, maana ubeti wangu nao ulikuwa umekwisha, na mwimbaji hajidaki mwenyewe. Nani angepokea Kiswahili cha mwalimu katika ngoma ya Kisukuma?

"Watoto tunapokea!"

Alikuwa baba. Mzee mzima, mvi tupu, anajiita mtoto mbele ya wajukuu zake, kwa sababu kanuni ni kudaka maneno kama yalivyo, naye hakubadilisha hata silabi. Uwanja ulicheka mpaka vumbi likatimka. Tukarushiana hivyo, yeye Kisukuma, mimi Kiswahili, na waliokuwa wameondoka wakarudi. Walikuja hata wa upande wa pili, mpiga filimbi wao akiwa mbele kabisa.

Tulipokuwa tunakusanya ngoma, baba akanivisha chatu shingoni watu wote wakiona. Kwa wacheza nyoka hilo hafanyiwi mgeni. Mnyama yule ni mzito, jamani!

"Wabeja, mayo," baba alisema. Asante, mama.

Kisha, huku anamweka sawa chatu begani kwangu, akaanza kuniuliza kama Jumapili ijayo wimbo nitauanzisha mimi.

Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.